Una migomba mingapi?

Kabla ya kuhesabu migomba yako, amua kwanza unahesabia nini. Shamba moja la mteremkoni Matombo, Morogoro, linaweza kutoa majibu matatu, yote sahihi, na ukiyachanganya utang'oa usichopaswa kung'oa.

Ukihesabia soko, hesabu miti iliyosimama. Kila mmoja hutoa mkungu mara moja tu, kisha hufa. Hata mti huo ni majani yaliyokumbatiana tu. Shina halisi ni tunguu lililo chini ya udongo.

Ukihesabia nafasi na samadi, hesabu mashina: tunguu na wote waliochipuka humo. Hapa acha watatu tu, yaani mama mwenye mkungu, binti na mjukuu. Waluguru wa Matombo, wanaofuata ukoo wa mama, hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Binti mzuri ana majani membamba kama upanga na ametokea chini kabisa. Mwenye majani mapana angali mdogo hajashika vizuri kwenye tunguu, mwondoe. Chagua warithi upande mmoja kila mara ili mistari isipotee.

Hesabu ya tatu ndiyo inayowagawa wanabiolojia. Mwaka 1852 Thomas Huxley alisema, akizungumzia wanyama, kwamba kiumbe mmoja ni yote yaliyotokana na yai moja. John Harper, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mimea, akataka tutenganishe chipukizi linaloweza kujitegemea na zao zima la mbegu moja. Sasa migomba yetu haipandwi kwa mbegu. Machipukizi ya shina moja yakigawiwa kitongoji kizima, kwa kipimo cha Huxley kitongoji kina mgomba mmoja. Mpelekee mnunuzi hesabu hiyo uone atakavyokutazama!

Lakini ugonjwa huihesabu migomba hivyo hivyo. Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia, ilikuwa zao moja la aina hiyo, na kufikia miaka ya 1960 ugonjwa wa Panama ulikuwa umeifuta katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Ndizi yetu ya kisukari nayo hushikwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo usijaze shamba zima kisukari. Changanya na mzuzu na aina nyingine.

Ukiona majani yananyauka, uliza ugonjwa umefika wapi ndani ya shina. Kata mti uutazame. Michirizi ya kahawia au nyekundu ndani ni dalili ya Panama: kuvu wake huingia kupitia mizizi na hukaa udongoni miaka mingi, basi ng'oa shina zima na usirudishe kisukari hapo. Ute wa manjano ukichuruzika, huo ni mnyauko bakteria, uliosumbua sana mkoa wa Kagera. Bakteria hawa si lazima wafike kwa ndugu wote wa tunguu, kwa hiyo mti mmoja ukiugua, ukatwe mapema usawa wa ardhi na waliobaki wachunguzwe kila wiki. Wakizidi kuugua, ondoa shina lote. Ili usieneze bakteria, ua dume nalo livunje kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, na kabla ya kuhamia shina jingine pitisha panga motoni.