Mbwa-mwitu wa Milima ya Bale
Mwanafunzi anayeongozwa na wataalamu katika uwanda wa Sanetti nchini Ethiopia, mita 4,000 hivi juu ya bahari, hukuta fumbo. Mbwa-mwitu wa huko (Canis simensis), ambaye si yule mwenye mabaka wa Serengeti, huishi kwa kundi lakini huwinda peke yake. Kwa nini? Panya na fuko hawatoshi kugawana; kundi hukutana alfajiri na jioni kulinda eneo lake. Hata hivyo, kukutana huko hueneza kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa wa wafugaji. Mwaka 2003 kiliua wengi. Leo waliokomaa hawafiki 500. Kwa hiyo, kumchanja mbwa wa nyumbani ni kumhifadhi wa porini.