Vifuu, kokoto na tangi la maji: somo kwa kamati za shule za awali



Maombi ya msaada kwa shule za awali mara nyingi huja na orodha ya vitu vya kuchezea: bembea, wanasesere, matofali ya plastiki. Kabla ya kuipitisha orodha ya namna hiyo, tutazame yaliyokwisha kufanyika hapa Unguja na kwa majirani zetu.

Mpango wa shule za awali za Madrasa ulianza Mombasa katika miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya kuomba msaada kwa Aga Khan. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa akina mama wa mahali hapo hapo, waliopewa mafunzo na kutembelewa darasani. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, kokoto, mbegu, vizibo vya soda na mabaki ya vitambaa. Mtoto hupewa nafasi ya kuchagua mchezo, kuucheza, na kueleza alichofanya.

Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto katika Kenya, Uganda na Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto waliopitia shule yoyote ya awali walipiga hatua kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa wakawapita wa shule nyingine za awali. Kwa maoni yetu, hapo ndipo fedha za wanasesere zinapoweza kupunguzwa. Fedha za kumfundisha mwalimu zisiguswe.

Sasa, mchezo mmoja wapo ni wa maji. Mtoto humimina kutoka kifuu kikubwa hadi kidogo, anahesabu, anaona yamefurika. Na akiona kiu, hunywa hayo hayo. Kwa mtoto wa miaka minne hakuna maji ya kuchezea na maji ya kunywa.

Unguja hutegemea zaidi maji ya chini ya ardhi, kutoka visima na chemchemi kama za Mtoni na Bububu. Huko chini ni giza, na mwani hauoti gizani. (Hatusemi ule mwani unaolimwa Paje na Jambiani, bali ule mdogo wa maji baridi, unaoonekana kama utando wa kijani.) Huota pale maji yanapopata mwanga: kwenye tangi jeupe linalopitisha jua, pipa lisilo na kifuniko, au tangi la saruji lililoachwa wazi juu ya paa la Mji Mkongwe.

Utando mwingi wa kijani hauna sumu, lakini hula nguvu ya klorini na kuwapa vijidudu maficho. Kuna aina nyingine, sianobakteria, ambazo baadhi yake hutoa sumu ya ini. Zimeenea katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, sumu hiyo iliingia katika maji ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 wakafariki. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na zisizo na sumu.

Jambo linalowapotosha wengi ni kuchemsha. Chemsheni, tena bila kukosa: kipindupindu kimerudi Zanzibar mara nyingi tangu mwaka 1978, na moto huua vijidudu vyake. Ila sumu ya mwani haiondolewi na moto. Maji yaliyogeuka kijani yamwagwe, wala yasipelekwe jikoni.

Basi, orodha ya maombi ikirudi mezani, ulizeni kwanza: tangi la shule ni la rangi gani, limekaa juani au kivulini, lina kifuniko kinachobana, na ni nani aliyelisugua mara ya mwisho? Tangi jeusi lenye kifuniko liandikwe juu ya bembea.