Gia Inapogonga: Somo la Chini ya Pikapu

Mwalimu mlezi wa chama alitutaka kila mmoja aandike juu ya kazi anayoijua. Mimi sina kazi, ila nina mjomba mwenye pikapu.

Pikapu hiyo ni ya otomatiki, yaani haina klachi ya kukanyaga. Mjomba huitumia kubeba omena kutoka Homa Bay hadi Migori, akipitia Rongo. Likizo ya Agosti ilianza tabia mbaya. Akitoa gia kwenye N kuitia D, "ndu!" gari zima linaruka. Rivasi ndiyo usiseme. Siku moja nilikuwa nyuma nikipanga magunia, nusura nianguke.

Fundi mmoja wa Migori alisikiliza tu, akasema, "Giaboksi imekufa, mzee. Tafuta nyingine." Mjomba hakulala. Ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa karo yangu ya muhula wa tatu.

Kabla hajauzwa tulikwenda Homa Bay kuchukua mzigo, na huko fundi wa jua kali akakubali kutazama. "Tuanze na vitu rahisi, mzee," alisema.

Alianza na mafuta ya giaboksi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosukuma sahani za klachi zikabanana gia inapoingia. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Gia hukawia, kisha hushika kwa ghafla. Injini ikiwa moto na inanguruma, gari limesimama pahali tambarare, mguu kwenye breki, alipitisha gia zote, akarudisha P, akachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa mekundu, kati ya alama mbili. Yangekuwa ya kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua, hapo kweli tungelia. (Magari mengine hupimwa yakiwa N, na mengine hayana kijiti kabisa. Soma kitabu cha gari lako.)

Pili, mwendo wa injini. Gari limesimama, mshale ulionyesha mizunguko 1,200 kwa dakika, ilhali kawaida yake ni 700 au 800. Kebo ya mafuta ilikuwa imekazwa mno. Injini ikikimbia hivyo, gia lazima ipige.

Tatu, akazima injini, akaweka mawe magurudumuni, akatia N, akaingia chini. Aliishika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, akaizungusha huku na huku. Klak, klak! Krosi zimeisha. (Kamusi haikunisaidia hapa, naandika kama wanavyosema gereji.) Gia inaposhika, ile nafasi ya krosi huzibwa kwa kishindo. Sisi tulisikia kishindo tukailaumu giaboksi.

Mwisho alifungua boneti, akasimama kando, kamwe si mbele, mjomba akatia D na R huku amekanyaga breki. Injini iliinuka upande mmoja. Maunti moja, mpira unaoishikilia injini, ilikuwa imepasuka.

Krosi mbili, maunti moja, kebo ikalegezwa. Tulitoka Homa Bay jioni na omena zetu, na D ikaingia bila hata gunia kutikisika. Asubuhi rivasi bado hugutuka kidogo, maana injini baridi hukimbia zaidi, kwa hiyo mjomba hungoja itulie kwanza. Ng'ombe aliuzwa shule zilipofunguliwa, karo ikalipwa.