Mayai Madogo ya Kuku Wanaoanza Kutaga: Yapime, Uoke Keki

Siku hizi napigiwa simu sana na vijana ambao matetea wao ndio kwanza wameanza kutaga. Lalamiko ni lile lile: mayai madogo, mwenye duka anayakataa au anayataka kwa bei ya kutupa. Yai la mwanzo linaweza kuwa gramu 45 tu. Kuku huyo huyo akikomaa anafika 60 hivi. Kwa kipindi hicho, sehemu ya trei zako zigeuze keki.

Shida inaanzia kwenye kitabu cha mapishi. Kinasema "mayai 4", hakisemi makubwa kiasi gani. Manne ya gramu 60 ni gramu 240. Manne ya kwako ni 180. Yaani umepunguza yai zima bila kujua, na keki inatoka kavu, ukiikata inamwaga makombo. Mtu analaumu unga, wakati unga hauna kosa.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1747 Mwingereza mmoja, Hannah Glasse, alitoa kitabu chenye keki ya ratili: siagi ratili moja, sukari ratili moja, unga ratili moja, pamoja na mayai. Ratili ni kama gramu 454. Beking pauda haikuwepo, kwa hiyo alitaka mchanganyiko upigwe saa nzima! Baadaye Waingereza wakazoea njia nyepesi: pima mayai na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga, kila kimoja kwa uzito ule ule. Hiyo ndiyo ninayowapa nyie, maana haijali ukubwa wa yai.

Chukua mayai yako 6. Mizani ikisoma 270, basi siagi 270, sukari 270, unga wa ngano 270. Beking pauda vijiko viwili vya chai, vya kufuta juu. Siyo hamira jamani, hamira ni ya maandazi.

Piga siagi na sukari mpaka rangi iwe nyeupe nyeupe. Usiharakishe hapa, chembe za sukari ndizo zinazoingiza hewa kwenye siagi. Ongeza yai moja moja, na yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji, mchanganyiko utakatika. Kila yai lipasulie kwanza kwenye kikombe. Viza moja linaharibu kazi yote. Unga, ulioucheketa na beking pauda, unaingia mwisho, na hapo unakunja taratibu kwa mwiko. Ukiupiga sana keki inakuwa ngumu kama mkate.

Kwenye oveni weka nyuzi 180. Kwenye sufuria ya mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uache makaa machache. Usifunue nusu saa ya kwanza. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva.

Sasa hesabu, na hapa ndipo vijana wengi wanajidanganya. Kijana mmoja wa kata yangu aliniambia keki inamlipa kwa sababu "mayai ni ya bure". Bure kivipi, na kuku wanakula? Tuseme trei ya mayai madogo ungeiuza 7,000. Trei ina mayai 30, inatoa keki 5. Basi kila keki imebeba mayai ya 1,400 kabla hujagusa siagi. Andika hiyo, andika siagi, sukari, unga, mkaa, mfuko wa kufungia na muda wako. Tulipomaliza kuandika za kwake, alikuwa anauza chini ya gharama. Alipandisha bei, akaanza kukata vipande vya kuuza shuleni na stendi. Wateja wachache walimkimbia, waliobaki wanamlipa.

Oka kwa oda kwanza, keki mbili tatu kwa wiki. Ukifikiria supamaketi, hapo utahitaji alama ya TBS. Nenda SIDO ya mkoa wako wakuelekeze. Na mayai yakishafika gramu 55 kwenda juu, yarudishe sokoni kama mayai, ubaki na yale yenye ufa mdogo uliouona asubuhi ile ile.