Kivuli cha Nyumbani si Ardhi Iliyokufa



Karibu kila nyumba ya kijijini ina mahali penye kivuli. Pengine ni chini ya mwembe, pengine nyuma ya jiko, pengine kati ya migomba. Mtu akipanda mahindi hapo, yanarefuka kama fito, yanakuwa ya njano, na hayazai. Akipanda nyanya, anapata majani matupu. Mwishowe anasema, "Ardhi hii imekufa." Anachukua shoka, anakata mti.

Tungoje kidogo. Mwembe hukua miaka mingi, shoka huumaliza kwa siku moja. Tena ardhi ile haikufa. Mahindi ni mmea wa jua, basi mahali pale hapakuufaa. Iko mimea mingine ambayo kwao hasa ni chini ya miti mikubwa. Mimea hiyo tukiiweka kwenye jua kali, majani huungua. Tukiiweka kivulini, hustawi. Na kwa kuwa jua halikaushi udongo upesi, haitaki kumwagiliwa maji kila siku. Kwa mama anayechota maji mbali, au mzee asiyeweza tena kushika jembe kutwa, hilo si jambo dogo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Angalieni vihamba vya Wachagga katika miteremko ya Kilimanjaro. Juu kabisa iko miti mirefu. Chini yake migomba. Chini ya migomba mikahawa. Na chini kabisa magimbi. Shamba ni moja, lakini ni kama nyumba ya ghorofa nne.

KWANZA: TUPIME KIVULI

Vivuli havilingani. Tusimame mahali pale mara tatu: asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi jioni. Saa sita tuangalie chini. Kama tunaona madoa ya jua yanachezacheza, hicho ni kivuli chepesi, kama cha minazi. Kama hatuoni doa hata moja, hicho ni kivuli kizito, kama cha mwembe mkubwa. Kivuli kizito kinaweza kupunguzwa. Tukate matawi machache ya chini, mwanga upenye. Hapana haja ya kuangusha mti.

PILI: TUPIME UDONGO

Tuchimbe shimo la shibiri moja, tuchukue udongo, tuufinye mkononi. Ukishikamana, una maji. Ukimwagika kama unga, mizizi ya mti imekunywa maji yote. Hapo tusogee mbali kidogo na shina. Chini ya mikaratusi tusijisumbue. Miti hiyo hunywa maji mengi, na mimea mingi haistawi chini yake.

TATU: TUCHAGUE MMEA

Magimbi. Hupenda mahali penye maji na kivuli chepesi, kama kwenye migomba au karibu na bafu. Huchimbwa baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kufuata aina na hali ya hewa. Hayahitaji kuchimbwa yote siku moja. Yanaweza kungoja ardhini, basi mahindi yakiisha ghalani, nyumba ina chakula. Lakini tukumbuke: gimbi bichi huwasha mdomo na koo. Lazima lipikwe mpaka liive sawasawa, na majani yake vilevile.

Tangawizi na manjano. Hutaka kivuli chepesi na udongo usiotuamisha maji. Tupande kipande chenye jicho. Baada ya miezi 8 hadi 10 majani hukauka, nasi huchimba. Tusirudie kupanda tangawizi mahali palepale mwaka hadi mwaka, kwa sababu ugonjwa wa kuoza hubaki udongoni.

Iliki. Hufaa nchi ya milima yenye mvua nyingi, kama Usambara Mashariki. Huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi. Tuipande chini ya miti ya shamba letu, siyo kwa kufyeka msitu. Msitu ukifyekwa chini, miti michanga hufa, na miti mikubwa ikizeeka haina mrithi.

Pilipili manga. Hufaa nchi ya joto na mvua, kama Muheza, Unguja na Pemba. Hutambaa juu ya mti ulio hai, basi mti wenyewe unakuwa nguzo. Nayo hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri.

Mananasi. Huvumilia kivuli chepesi na ukavu kuliko mimea mingine tuliyoitaja. Hungojewa mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

TUSIDANGANYIKE NA VANILA

Vanila hupenda kivuli, na bei yake ikipanda kila mtu huitamani. Huko Kagera wako wanaoilima. Lakini haimfai mtu asiye na nafasi. Asili yake ni Meksiko, na huku kwetu hakuna mdudu wa kutegemewa wa kuichavusha, yaani kuhamisha unga wa ua. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu, na mtu lazima alichavushe kwa mkono. Njia inayotumika hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, aliyetumia kijiti chembamba. Baada ya hapo matunda hukaa miezi 9 hivi ndipo yakomae. Basi anayeitaka vanila ajue kwamba wakati wa maua hakuna siku ya kulala.

KAZI HAIISHI, HUPUNGUA

Hakuna mmea usiotaka kazi kabisa. Miezi ya kwanza tupalilie, maana mche mchanga hauwezi kushindana na magugu. Halafu tuache desturi ya kufagia majani yote na kuyachoma. Tutandaze majani hayo kuzunguka mimea, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Yatahifadhi maji, yatazuia magugu, yakioza ni mbolea. Karibu na mlango tuendelee kufagia, nyoka wasijifiche.

Tuanze na mmea mmoja, sehemu ndogo. Ukikubali, tuongeze mwaka unaofuata. Aliye na shaka amwulize bwana shamba au bibi shamba wa kijiji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako kuna kivuli cha namna gani saa sita mchana?
2. Kwa nini mahindi hayazai chini ya mwembe?
3. Mmea gani unaufaa udongo wa kijiji chenu? Kwa nini?
4. Jirani anataka kukata mwembe wake ili apate shamba. Utamwambia nini?