Shimo Lililoachwa na Wachimbaji Laweza Kuwa Bustani ya Umma

Wakazi wa Matisi, mliopo Kitale na mliopo upande wa Bungoma, mnayajua mashimo yanayobaki mawe au udongo wa matofali ukishachimbwa. Mvua ikinyesha yanajaa maji, watoto wanaenda kuogelea. Kiangazi yanageuka jaa la taka.

Huko Mombasa shimo kubwa kuliko hayo limekuwa msitu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954, kikitumia mawe ya matumbawe. Yalipochimbwa, palibaki mwamba mweupe usio na udongo, na maji ya chumvi chini yake. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuparudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti; zilizostahimili ni tatu tu, na wa kutegemewa zaidi akawa mvinje. Kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana humea pasipo na rutuba.

Shida ikawa majani. Yalianguka, yakajilundika juu ya mwamba, yasioze. Haller akaleta majongoo, wale wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. (Jongoo huyuhuyu tunayemfagia nje kila asubuhi!) Miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Umma ulikaribishwa mwaka wa 1984, na leo pale panaitwa Haller Park.

Msikimbilie mvinje, lakini. Huo ni mti wa pwani. Huku kwetu nyanda za juu afadhali murembe, wa jamii ya kunde, au sesbania. Mkaratusi una pesa, hatukatai, ila hunyonya maji mengi na haufai kuanzishia bustani. Kabla ya mche wowote, toeni plastiki na vyuma, zungushieni ua, na mteremshe kingo zilizosimama wima. Kama bado panachimbwa, mchimbaji atenge udongo wa juu kando: huo ndio utakaorudishwa.

Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni ya kuchimba madini aweke dhamana ya fedha za kurekebisha ardhi. Kwa hiyo kikundi cha wakazi kisishike jembe kabla ya kujua shimo ni la nani. Anzieni kwa chifu na ofisi ya ardhi, kisha ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Huko ulizeni kama mchimbaji alikuwa na leseni ya mazingira, na mwombe kuonyeshwa masharti yake.