Picha Isibaki Nyuma: Kijitabu cha Kununua Printa ya Nyumbani na Kulinda Picha za Familia

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu malalamiko ya aina moja yamezidi. Mtu anapeleka picha saiba au studio kuoshwa, analipa, anaondoka na bahasha yake. Siku chache baadaye picha ile ile inaonekana kwenye tangazo la duka, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, au kwenye simu ya kijana asiyemjua. Mwenye duka akiulizwa hujibu, "Si uliileta mwenyewe?" Jibu hilo si sahihi, na sheria ya Kenya hailikubali.

Pwani uchungu huo ni mkubwa zaidi. Siku ya kupamba, bibi arusi huonyeshwa mbele ya wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na katika kumbi nyingi simu huzuiwa mlangoni. Familia iliyochukua hadhari zote hizo haiwezi kesho yake kuziacha picha kwenye kompyuta ya duka inayokaliwa na kila anayeingia.

Ndiyo maana watu wengi sasa wananunua printa za nyumbani. Tunaunga mkono uamuzi huo, na tumekuwa tukiuhimiza kwa muda mrefu. Lakini tunaona watu wakidhani kwamba mashine ikishafika sebuleni, hatari imekwisha. Haijaisha. Kuna aina ya printa ya picha inayohifadhi sura ya kila mtu uliyemchapisha, na wenye nyumba wanaitupa sura hiyo jalalani kwa mikono yao wenyewe. Hilo ndilo jambo kubwa la kijitabu hiki. Ukisoma sehemu moja tu, soma inayofuata.

UTEPE ULIOTUMIKA NI PICHA

Printa ndogo za picha zinazopendwa sana majumbani, kama zile za Canon SELPHY, hazitumii wino wa maji. Zinatumia utepe wa plastiki uliopakwa rangi, uliokunjwa ndani ya kikasha. Karatasi hupita chini ya utepe huo mara nne: kwanza rangi ya manjano, kisha nyekundu ya waridi, kisha buluu, na mwisho tabaka la kuzuia maji na alama za vidole. Kila mara, joto huhamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi. Ndiyo sababu unaona karatasi ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, kabla picha haijakamilika.

Sasa fikiria kinachobaki. Pale rangi ilipotoka, utepe umepauka. Pale isipotoka, rangi ingalipo. Kwa hiyo kila kipande cha utepe uliotumika kina picha yako nzima, kwa ukubwa wake kamili, imegeuzwa tu kama negativu za zamani. Ukiunyoosha utepe huo mbele ya dirisha utaona macho, tabasamu, nguo, na hata maandishi ya kitambulisho kama ulichapisha nakala yake. Mtu akiupiga picha kwa simu na kuzigeuza rangi kwa programu ya kawaida ya kuhariri, sura inarudi wazi.

Pakiti ya kawaida ya printa hizi huwa na karatasi 36 na utepe mmoja wa kuzitosha. Ukiimaliza, umebeba mkononi picha 36, kila moja imeandikwa mara tatu kwa rangi tatu. Utepe huo ukiutupa pamoja na maganda ya ndizi, umetupa albamu.

Tunarudia, kwa sababu tunajua onyo hili hupuuzwa: USITUPE UTEPE ULIOTUMIKA UKIWA MZIMA. Usiwape watoto wakauchezea nje. Usimwachie mtu wa takataka akitafuta plastiki ya kuuza. Usiuache kwenye kikasha ukidhani umefungwa. Kikasha hufunguka kwa bisibisi ndogo, na mara nyingi hata kwa kucha.

Fanya hivi. Vunja kikasha, uvute utepe wote, kisha ukate kwa mkasi katikati ya kila sura, kwa urefu na kwa upana, mpaka vipande viwe vidogo kuliko kiganja cha mtoto. Vichanganye na uvitupe katika mifuko tofauti. Usiuchome moto nyumbani: ni plastiki, moshi wake ni sumu, na utepe uliokunjwa huungua nje na kubaki mzima ndani. Kazi hii ni ya dakika chache. Asiye na dakika chache za kukata utepe asichapishe picha za kupamba kwa mashine ya aina hii.

Jambo hili linawahusu pia wenye studio. Mashine kubwa za picha za pasipoti, zile zinazotoa picha papo hapo, nyingi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na roli moja hubeba mamia ya wateja. Mwananchi ana haki kabisa ya kumwuliza mwenye studio, "Utepe wenu mnaufanya nini?" Akikuona msumbufu, ondoka.

PRINTA GANI UNUNUE

Hapa tutasema maoni yetu waziwazi, maana tumechoka kuona watu wakiuziwa mashine isiyowafaa.

Printa ya leza usiinunue kwa ajili ya picha. Ni nzuri kwa barua na mitihani ya shule, lakini ngozi ya mtu hutoka kavu na ya madoadoa.

Familia inayochapisha picha mara kwa mara, na pia kazi za shule na fomu, inafaa kununua printa ya wino ya tangi, yaani ile ambayo wino hununuliwa kwa chupa na kumiminwa. Epson EcoTank, Canon PIXMA za G na HP Smart Tank ni za aina hii na zinapatikana nchini. Bei yake dukani ni ya juu kuliko ya printa za katriji, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wananunua mashine rahisi, kisha katriji mbili tatu zinakula bei ya mashine nyingine. Uliza bei ya wino kabla ya kuuliza bei ya printa. Zenye rangi nne zinatosha nyumba nyingi. Zenye rangi sita hutoa ngozi na anga kwa ulaini zaidi, na zinamfaa anayechapisha albamu nzima. Kwa upande wa faragha, printa ya wino haina utepe wa kukata. Hiyo ni faida kubwa na tunaipa uzito.

Udhaifu wake ni kwamba wino hukauka. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata kama huna haja, la sivyo vitundu vya kichwa cha printa vitaziba na picha zitatoka na mistari. Kwa nyumba inayochapisha mara moja kwa miezi mitatu, printa ya utepe ni bora, kwa sababu utepe haukauki na picha yake hustahimili vidole na matone ya maji. Basi inunue, pamoja na mkasi.

Zipo pia printa za mfukoni zisizo na wino wala utepe, kama HP Sprocket. Rangi imo ndani ya karatasi yenyewe na huamshwa kwa joto. Hazibakishi sura popote, lakini picha zake ni ndogo, kama sentimita 5 kwa 7.6, na rangi si za kutegemewa kwa albamu ya kurithisha.

Kuhusu ubora wa picha, usiuziwe hofu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 tu ili itoke safi, na karibu kila simu ya leo inavuka kiwango hicho. Tatizo kwa kawaida si kamera bali WhatsApp, ambayo huipunguza picha kabla ya kuituma. Wengi wameshajua dawa: kuituma kama hati. Lakini jihadhari, maana picha iliyotumwa kama hati husafiri na taarifa zake zote za ndani, pamoja na mahali ilipopigwa ikiwa kamera yako imeruhusiwa kutumia GPS. Ukimtumia mtu baki picha ya mtoto kwa njia hiyo, huenda umemtumia na ramani ya nyumba yenu. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga picha za nyumbani.

Siku ya kwanza, kabla ya picha yoyote, badilisha nenosiri la Wi-Fi la printa lililokuja nayo kiwandani. Zima huduma za kuchapisha kupitia barua pepe au mtandao kama huzitumii, kwa sababu picha huzunguka kwanza kwenye kompyuta za watu wengine kabla ya kufika kwenye printa iliyo mita mbili kutoka ulipokaa.

UKILAZIMIKA KWENDA SAIBA

Si kila nyumba inaweza kununua printa, na hatumlaumu anayekwenda saiba. Tunamlaumu anayeondoka kabla ya kumaliza.

Usitume picha kwa namba ya WhatsApp ya duka kama zina mtu asiyetaka kuonekana. Zitabaki kwenye simu hiyo na kila kompyuta iliyounganishwa nayo. Beba flashi yenye picha unazotaka kuosha tu, wala usichomeke memori kadi yenye maisha yako yote. Kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka, fungua simu yako hapo hapo, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, na ukiondoe kifaa hicho. Kufunga dirisha la kompyuta si kutoka. Tunarudia: kufunga dirisha si kutoka. Mhudumu anayekuja zamu ya jioni atasoma ujumbe wako kama wewe mwenyewe.

Kisha simama nyuma ya mhudumu na umwombe afute faili, na pia amwage kapu la taka la kompyuta. Usione haya. Mashine kubwa za fotokopi nazo zina kumbukumbu ndani. Mwaka 2013 kampuni moja ya bima ya afya huko New York ilikubali kulipa dola 1,215,780 baada ya kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski zake, zikiwa na taarifa za wagonjwa. Ikiwa kampuni yenye wanasheria ilisahau, saiba ya mtaani pia itasahau.

Ukiuza simu ya zamani, toa memori kadi kwanza. Kurejesha simu kwenye hali ya kiwandani si lazima kuguse kadi. Na kadi iliyofutwa kwa kubonyeza "futa" bado ina picha zako: kilichoondolewa ni orodha tu, na programu za bure huzirudisha. Memori kadi ya familia haiuzwi. Ivunje.

Picha zilizokwisha kuchapishwa zitunze mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Unyevu wa Mombasa na Lamu huotesha ukungu na kugandisha picha kwenye kioo cha fremu, kwa hiyo weka kipande cha karatasi ngumu pembezoni ili kioo kisiguse uso wa picha. Albamu zenye gundi na plastiki ya kufunika ziache. Gundi hiyo hugeuka manjano na kuing'ang'ania picha.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha yako kuwa taarifa yako binafsi. Duka lililopewa picha ili liichapishe limepewa kazi hiyo moja tu. Kuitumia kwa tangazo kunahitaji ridhaa yako, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake.

Sheria hii haigusi shughuli ambazo ni za mtu binafsi au za nyumbani peke yake, na biashara ndogo zenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 huondolewa wajibu wa kujisajili, isipokuwa zile za sekta zilizotajwa kwenye kanuni. Kusamehewa kujisajili si kusamehewa kuheshimu picha ya mteja. Wenye saiba wote wasikie hilo.

Picha yako ikitumiwa bila ridhaa, usigombane dukani na usifute ushahidi. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina la ukurasa, hifadhi risiti, kisha peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Huhitaji wakili. Huhitaji kujua kuandika barua rasmi. Sheria inaruhusu lalamiko la mdomo, na ofisi inapaswa kuliandika. Lalamiko lazima lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Hesabu siku hizo, na zikipita bila jibu, rudi uulize.